Nyumba ya bondeni au ya kilimani: uzuri wa eneo na hatari ya mafuriko

SWALI: Mimi na mke wangu tumetafuta nyumba nje kidogo ya jiji kwa muda mrefu, na sasa tumebakiwa na mbili. Ya kwanza iko bondeni, karibu na kazini na shule ya watoto. Tunafika kwa dakika 20. Ina uwanja mkubwa unaoishia kwenye kijito. Ya pili iko kilimani, ni ndogo kidogo, na ni mwendo wa saa nzima. Bei zinakaribiana. Mwenye nyumba ya bondeni ameishi pale miaka 12 na anasema maji hayajawahi kuingia ndani. Mimi naipenda hiyo, mke wangu anaiogopa. Hatari ya mafuriko tuipe uzito gani mbele ya uzuri wa eneo, na tutaijuaje?

JIBU: Ndugu yangu, mkeo ana sababu ya kuogopa, na huyo mwenye nyumba huenda anasema kweli tupu. Yote mawili yanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Tuchukulie nyumba ambayo kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 5 wa kuingiwa na maji, yaani kwa wastani mara moja katika miaka 20. Hiyo ni hatari kubwa. Nisingemshauri mtu aichukue. Lakini ukipiga hesabu, uwezekano wa nyumba hiyo kumaliza miaka 12 bila maji kuvuka kizingiti ni asilimia 54. Zaidi ya nusu ya wenye nyumba za namna hiyo wangekuambia, kwa moyo mweupe, kwamba hawajawahi kuona maji ndani. Sasa ihesabie nyumba hiyohiyo miaka 30, muda ambao watu wengi hulipa mkopo wa nyumba na kulea watoto mpaka waondoke: uwezekano wa kufurika angalau mara moja unapita asilimia 78.

Hata kile kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kuchora ukanda wa hatari, asilimia 1 kwa mwaka, si kidogo kama kinavyosikika. Kwa miaka 30 kinafika asilimia 26. Kwa hiyo swali la "je, imewahi kufurika?" liulizeni, lakini msilitegemee jibu lake. La kutafutia jibu kwa bidii ni hili: yakija maji mengi kuliko yaliyowahi kuonekana hapa, yatapita wapi, na sakafu ya nyumba iko juu au chini ya njia hiyo?

Wanunuzi hupima umbali kutoka kijitoni, na umbali hausemi mengi. Nyumba iliyo mita 30 kutoka ukingoni lakini sakafu yake imeinuka mita 4 ni salama kuliko iliyo mita 300 kwenye uwanda uliolala sawa na ukingo. Kinachopimwa ni kimo. Na hili mnaweza kulianza wenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Chukueni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaotumia kusawazisha msingi, mkaujaze maji mpaka mapovu yote yatoke. Mmoja asimame mlangoni na ncha moja, mwingine ashuke na ncha ya pili kuelekea kijitoni. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Wa juu aishike ncha yake mpaka maji yalingane na kizingiti. Wa chini aisimamishe yake kwenye fito iliyonyooka na apime kwa tepu kutoka ardhini mpaka usawa wa maji. Hicho ndicho kimo ambacho kizingiti kimeizidi ardhi pale aliposimama. Mteremko ukiwa mrefu, pimeni kwa vipande na mjumlishe. Kabla ya kusaini nashauri mumlete mpima ardhi awape vipimo vya uhakika, lakini mpira wa maji unatosha kuwaambia kama mna sentimita 40 au mita 3, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mnaendelea au mnaacha.

Mkiwa kule chini, tazameni matawi na nyaya za uzio. Nyasi kavu, matambara na mifuko ya plastiki iliyonasa kwa usawa mmoja, mti mmoja hadi mwingine, ni alama iliyoachwa na maji yenyewe. Pimeni na hapo. Kama mstari huo wa takataka uko sentimita 60 chini ya kizingiti, basi maji ya misimu michache iliyopita, ambayo mwenye nyumba wala hayaiti mafuriko, yalibakiza sentimita 60 tu kuingia ndani.

Kisha fuateni kijito kwenda chini mpaka kwenye kalavati au daraja la kwanza. Wengi hutazama maji yanakotoka na kusahau yanakokwenda. Kalavati likizibwa na matawi, plastiki na godoro lililotupwa, barabara iliyo juu yake inageuka ukuta wa bwawa, na maji yanarudi nyuma yakipanda mpaka yapate pa kuvukia. Pa kuvukia ni mgongo wa barabara. Kwa hiyo linganisheni kimo cha mgongo huo na kimo cha kizingiti. Barabara ikiwa juu kuliko sakafu, nyumba imo ndani ya bwawa ambalo bado halijajaa. Kwangu mimi kipimo hiki peke yake kinatosha kuvunja biashara.

Jambo hilo lilitokea kwa ukubwa wa kutisha mjini Houston, Marekani, Agosti 2017. Magharibi mwa jiji kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yaliyojengwa katika miaka ya 1940 kuukinga mji na mafuriko. Sehemu kubwa ya mwaka huwa makavu. Miaka ikapita, vitongoji vikajengwa nyuma ya kuta zake, kwenye ardhi ambayo maji yangeifikia bwawa likijaa kabisa. Kimbunga Harvey kilipomwaga mvua kwa siku kadhaa, maji yalipanda yakaingia katika maelfu ya nyumba, na wengi wa wenye nyumba hawakuwa wakijua kwamba walinunua ndani ya bwawa. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba serikali inawajibika kwa mali zilizofurika upande huo. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka miwili baada ya watu kutoa mazulia yaliyooza nje.

Sasa pandeni juu, kijito kinakotoka. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta 10 ni lita milioni 5. Hekta hizo zikiwa nyasi na udongo mwepesi, sehemu kubwa inazama ardhini. Zikiwa mabati, vigae, lami na maegesho, karibu yote inakimbilia mtaroni ndani ya dakika chache, na mtaro unakimbilia kijitoni. Ndiyo maana ile miaka 12 ya mwenye nyumba inapoteza thamani kama huko juu kumejengwa mtaa mpya miaka mitatu iliyopita: kijito alichokizoea si kijito mtakachoishi nacho. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaulize ni viwanja vipi upande wa juu vimepewa kibali cha kujengwa. Hewa nayo inazidi kupata joto, na kila nyuzi 1 ya Selsiasi huiongezea uwezo wa kubeba mvuke kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua za ghafla zinaelekea kuwa nzito zaidi kuliko kumbukumbu za wazee.

Wala msidhani kwamba mtaonywa na mvua. Tarehe 29 Oktoba 2024, mji wa Paiporta, kitongoji cha Valencia nchini Hispania, ulifunikwa na maji yaliyoshuka kwa korongo la Poyo. Mvua iliyonyesha mjini penyewe siku hiyo ilikuwa ndogo. Iliyoua ilinyesha bara, kilomita nyingi juu. Korongo hilo huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka, na watu wameishi kandokando yake miaka na miaka. Katika jimbo zima walikufa watu zaidi ya 200, baadhi yao wakiwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi walikoshuka kuokoa magari. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya watoto wenu: kama nyumba ya bondeni ina chumba chochote kilicho chini ya usawa wa ardhi, mtoto asilale humo.

Na kama mtaambiwa kuna bwawa au tuta linalolinda mtaa, furahini kwa kiasi. Brisbane, Australia, ilifurika vibaya mwaka 1974. Baadaye bwawa la Wivenhoe likajengwa juu ya mto, wengi wakaamini habari imekwisha, nyumba zikaongezeka maeneo ya chini. Januari 2011 maji yakarudi, na mwaka 2022 tena, safari hiyo sehemu kubwa ikiwa ni vijito vya mitaani vilivyojazwa na mvua ya hapohapo jijini, ambayo bwawa lisingeweza kuizuia. Tuta hupunguza mafuriko madogo na ya kati. Makubwa yakilivuka, yanawakuta watu waliokwisha kuacha kujiandaa.

Ndani ya nyumba, angalieni chini. Rangi mpya mpaka usawa wa kiuno wakati juu ni ya zamani, plasta iliyobadilishwa kwa mstari ulionyooka kuzunguka chumba kizima, milango iliyovimba au kuchakaa upande wa chini tu, bawaba ya chini yenye kutu ilhali ya juu ni safi. Vuteni kabati la nguo mbele kidogo mtazame ukuta nyuma yake, maana mafundi wa rangi hawalihamishi. Chumvichumvi nyeupe kwenye matofali inaweza kuwa unyevu wa kawaida wa msingi, kwa hiyo msimhukumu mtu kwa hiyo pekee. Lakini ikienda sambamba na mstari ulionyooka, ulizeni. Fungueni boksi la mita ya umeme au kisanduku chochote kilicho karibu na ardhi ambacho mtu hakumbuki kukisafisha: tope laini lililokauka pembeni halifiki humo lenyewe. Soketi zilizopandishwa juu kupita kawaida zina maelezo, na mwenye nyumba anayajua.

Mifuniko ya maji taka pia. Mfuniko ulio ndani ya kiwanja ukiwa chini kuliko mfuniko wa barabarani, mfumo wa mtaa ukielemewa maji hutafuta tundu la chini kabisa, na tundu hilo ni choo au bafu lenu. Kuna valvu za kuzuia maji kurudi nyuma, na si ghali ukilinganisha na kusafisha nyumba. Hiyo ni kasoro inayorekebishika, basi isiwatie hofu kupita kiasi.

Kwa majirani, kuweni waangalifu na namna ya kuuliza. Mwenye nyumba wa jirani hataki bei ya mtaa ishuke, hivyo ukimuuliza "kunafurika hapa?" atajibu kwa mkato. Muulizeni badala yake: mvua kubwa ikinyesha, gari huegeshwa wapi? Mtu anayeishi mahali pakavu atashangaa. Anayeishi mahali panapojaa atawatajia kona yenyewe, duka lenyewe, mpaka upande wa barabara. Wapangaji, wasambaza mizigo, walinzi na madereva huongea kwa uhuru zaidi kwa sababu hawana cha kupoteza. Na nendeni wenyewe siku ya mvua nzito, mkiwa na mwangaza wa kutosha, mtazame maji yanavyotembea barabarani.

Barabara inanipa wasiwasi kuliko wanunuzi wengi wanavyotarajia. Nyumba inaweza kubaki kavu kabisa huku njia pekee ya kuingilia ikiwa chini ya maji. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 husogeza gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Mnasema shule iko karibu. Je, kati ya nyumba na shule kuna kivuko? Kama kipo, ule ukaribu wa dakika 20 unakatika siku ileile ambayo mnauhitaji kuliko zote, mtoto akiwa upande mmoja na ninyi upande mwingine.

Ramani za hatari, pale zilipo, zitafuteni, lakini msitulie kwa sababu kiwanja kiko nje ya mstari. Mstari huchorwa kwa mito mikubwa na kumbukumbu za nyuma. Mitaro iliyoelemewa na vijito vidogo mara nyingi havimo. Bima naiona kama mpelelezi wa bure. Kabla ya kusaini, ombeni makadirio ya bima ya mafuriko kwa anwani hiyo hasa. Kampuni ikikataa, au ikitaja bei ya kushangaza, au ikiweka sharti la kuondoa mafuriko kwenye mkataba, imefanya hesabu ambayo ninyi hamjaifanya. Someni pia masharti ya muda: mpango wa bima ya mafuriko wa serikali ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Na fikirieni mtakapouza. Uingereza ina mpango uitwao Flood Re, ulioanza mwaka 2016 ili bima ya nyumba za maeneo hatarishi isiwashinde watu. Hauhusu nyumba zilizojengwa tangu 2009, na umepangwa kukoma mwaka 2039. Mnunuzi wenu wa kesho atauliza bima kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

Sasa uzito wa eneo, maana mwendo wa saa nzima si jambo la kupuuza, na nisingependa hofu iwapeleke kilimani bila hesabu. Tofauti ya dakika 40 kwenda na 40 kurudi, kwa siku 240 za kazi, ni saa 320 kwa mwaka. Hizo ni saa za kukaa na watoto, za kulala, za kazi ya ziada. Nimeona familia zikihamia mbali kwa furaha na baada ya muda zikatafuta mnunuzi kwa uchovu tu. Gharama ya umbali inalipwa kila siku na ina uhakika. Gharama ya mafuriko haina tarehe. Lakini kazi hubadilika, shule huisha, barabara hujengwa, na kimo cha kiwanja hakibadiliki. Kilimani nako kukagueni: mlima uliochongwa nyuma ya nyumba, ukuta wa kuzuia udongo wenye nyufa au usio na matundu ya kutolea maji, miti iliyoinama yote upande mmoja. Maporomoko hayatoi muda wa kuhamisha chochote.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo limenisumbua kuliko yote. Nyumba kubwa, yenye uwanja, iliyo karibu na kazi na shule, inauzwa kwa bei ya nyumba ndogo ya mbali. Wenyeji wa soko huwa hawatoi ukaribu bure. Ulizeni nyumba zinazofanana nayo, zilizo karibu vilevile lakini juu kidogo ya bonde, ziliuzwa kwa kiasi gani. Pengo mtakaloliona linaweza kuwa ndiyo bei ambayo mtaa wenyewe umeiwekea hatari ya kijito.

Kisha jiulizeni, wawili, mkiwa mmekaa: maji yakiingia mwaka wa tatu, tunaweza kulipa mkopo wa nyumba hiyo huku tukipanga kwingine kwa miezi kadhaa na kununua upya vilivyoharibika? Kama jibu ni hapana, asilimia hazina maana kubwa tena. Hatari ndogo ya kufilisika si ya kuchukuliwa na familia yenye watoto, hata eneo liwe zuri namna gani.

Uamuzi wangu, kwa yale uliyoniandikia: nyumba ya bondeni nisingeinunua ila ipite mitihani minne yote. Kizingiti kiwe angalau mita 1 juu ya alama ya juu kabisa ya maji mnayoweza kuithibitisha. Kiwe juu ya mgongo wa barabara ya kalavati. Kuwe na njia ya kutoka isiyovuka maji. Na bima ipatikane, kwa maandishi, mafuriko yakiwa yametajwa. Ikipungukiwa na mmojawapo, mkeo ameshinda hoja. Mkitaka kuendelea wakati vipimo bado, mwambieni mwanasheria aandike kwenye mkataba kwamba ununuzi unategemea ripoti ya mpima ardhi na barua ya bima, na kwamba muuzaji anatamka kwa maandishi historia ya maji anayoijua. Muuzaji mwenye nyumba kavu hulikubali hilo bila shida.

Na msijifunge kwenye hizo mbili. Mitaa mingi iliyo kando ya kijito ina barabara ya pili au ya tatu kupanda juu, dakika chache tu zaidi kufika kazini, ambako ardhi imeshainuka mita kadhaa. Nyumba za huko huwa na uwanja mdogo na hazina mandhari ya maji. Wiki hii, kabla ya kurudi kwa muuzaji yeyote, tembeeni barabara hizo kwa miguu mkiangalia mabango ya kuuza.